Ulimi uliniponza hewani, sasa umemponza mwenzangu

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu wala la kituo. Nina miaka 26, nimezaliwa na kukulia wilayani Newala, na nyumbani tunaongea Kimakonde. Huu ni mwaka wangu wa pili nasoma taarifa ya habari kwenye redio moja ndogo hapa Mtwara mjini. Sauti yangu wanaisifu. Kinachonishinda ni maneno.

Msimu wa korosho ukianza, haipiti taarifa bila "mfumo wa stakabadhi ghalani", ule wa mkulima kupeleka korosho ghalani na kupewa risiti. Mdomoni mwangu inatoka "stakabazi galani". Miezi ya mwanzo sikujua kama nakosea, maana nyumbani na sokoni wengi tunasema hivyo hivyo. Nilijua siku msikilizaji alipopiga simu kuuliza Galani iko wilaya gani. Wenzangu walicheka, nikacheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Tangu hapo nikaanza kujinyoosha mwenyewe. Kila nikiona neno gumu nausukuma ulimi kwenye meno, mpaka ikawa mazoea. Siku moja karatasi imeandikwa kiongozi "amewazuru wakulima wa Tandahimba", mimi nikasoma "amewadhuru". Mtu alirekodi, kipande kikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp siku nzima.

Nikatafuta njia nyingine. Neno nisilolijua au lenye herufi zinazonitisha, nalibadilisha hapo hapo hewani. "Ghafla" nasema "mara moja". "Dhoruba" nasema "upepo mkali". Hakuna aliyegundua.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na habari ya mahakamani: mtu anatuhumiwa "kughushi nyaraka za kiwanja". Sikuwa na hakika ya maana, nikaiogopa ile gh, nikasoma "kuiba nyaraka za kiwanja". Kesho yake ndugu zake walikuja kituoni wamefura. Mhariri wa zamu, kaka mmoja mpole sana, alipewa barua ya onyo. Kompyuta yetu ni moja na habari za leo zinaandikwa juu ya za jana, na karatasi ilishatupwa. Siku ile alikuwa ameandika habari kumi na moja, na sasa mwenyewe anaamini alikosea. Ameniambia kwa mdomo wake, "Dada, nadhani nimechoka, siku hizi siandiki sawasawa." Nilinyamaza.

Nafikiria kuomba nihamishiwe kipindi cha salamu, kinarekodiwa, nitapumua. Pia kuna Bi mmoja mzaliwa wa Kilwa anayeendesha kipindi cha mashairi. Hakuna neno asilolijua, lakini mdomo wake hauna pazia, anasahihisha watu mbele za watu. Rafiki yangu naye ananiambia niache kubana pua, niseme kama watu wa kwetu. Na mama ananisikiliza kila jioni, anawaita majirani.

Nifanyeje, Shangazi?

Ulimi Mzito, Mtwara

*

Marahaba mwanangu,

Umefunga mizigo mitatu kwenye furushi moja, ndiyo maana linakuelemea. Kuna sauti ambazo hukulelewa nazo. Kuna maneno ambayo maana yake huijui. Na kuna mwenzako anayebeba barua iliyotokana na neno ulilolitamka wewe. Mizigo miwili ya kwanza ina dawa, na dawa yenyewe ni penseli, kioo na robo saa kwa siku. Wa tatu haumo katika kamusi yoyote, nitaurudia baadaye.

Kwanza hilo jina ulilojipa. Una hakika ni ulimi ulio mzito? Kimakonde hakina dh, th wala gh, na kama lugha nyingi za huku kusini hakitenganishi l na r. Mtoto anayekua nacho, sikio lake linajifunza mapema kwamba tofauti hizo hazina kazi, linaziacha zipite. Ukubwani anaambiwa atamke kitu ambacho sikio halijakikamata. Ndiyo maana ulipoanza kujirekebisha ulizidisha: ulijua kuna dh mahali fulani, hukujua ni wapi, ukaimwaga kote. Wanaojifunza lugha hufanya hivyo kila siku, na maana yake ni kwamba umeshaanza kusikia.

Tenganisha pia lafudhi na kosa. "Stakabazi" ni lafudhi. Hakuna neno jingine la Kiswahili ambalo msikilizaji angelidhania, na tangu mfumo huo uanze kwenye korosho mkoani kwenu msimu wa 2007/2008 hakuna mkulima asiyejua unazungumzia nini. Kosa ni pale maana inapohama: fahari na fahali, karamu na kalamu, mahari na mahali, dhana na zana, thamani na samani, dhuru na zuru. Hapo rafiki yako na wewe mnaweza kukutana katikati. Kimakonde chako kibaki kwenye mapigo ya sentensi yako, hakimdhuru mtu. Nguvu zako zipeleke kwenye jozi hizi. Na kumbuka nawe una unachowazidi wengine. Mgeni akiletewa habari ya maji ya Ng'apa, pale Lindi, mara nyingi husoma "Ngapa" kama anayeuliza bei, hajui kwamba ng' ya ng'ombe si ng ya ngoma. Wewe hilo hulifikirii hata.

Sasa kazi yenyewe. Anza na sikio, usiguse mdomo kwa wiki ya kwanza. Andika jozi kumi, mtu akusomee moja moja bila mpangilio, wewe uandike ulilosikia. Ukipata 18 kati ya 20 siku mbili mfululizo, nenda kwenye mdomo. Tahadhari moja: asiwe ndugu wa nyumbani, maana kama naye hatenganishi mtazunguka palepale. Kijana yeyote aliyepita madrasa atakufaa, awe wa dini yako au la, kwa kuwa kule wanafundishwa kila herufi inatokea sehemu gani ya kinywa. Mwambie tu asikupeleke mbali. Kiarabu kina dh zaidi ya moja: ile ya dhahabu, ya adhimu na ya stakabadhi ni herufi tatu tofauti. Kiswahili kimeziunganisha zote kuwa dh moja, na msomaji habari anayezitenganisha anasikika kama anatoa hotuba ya Ijumaa. Na kh usihangaike nayo. Kiswahili sanifu kimeshaigeuza h karibu kote, tunaandika heri na habari.

Kwa dh, simama mbele ya kioo, sema zzzz. Bila kukata sauti, sogeza ncha ya ulimi mbele mpaka iguse makali ya meno ya juu, uione kwenye kioo. Z imegeuka dh. Weka vidole viwili kooni, utahisi mtetemo. Uzime mtetemo huo, iache hewa peke yake ipite, hiyo ni th. Linaloharibika hapa ni kubana: ukiuminya ulimi kwa meno hewa inakatika, unapata d, "daifu" badala ya dhaifu. Ulimi uguse tu.

Kwa gh, sema "gari" na usikie shina la ulimi linavyoziba kule nyuma. Sema tena bila kuziba kabisa, acha upenyo mwembamba hewa ikwaruze huku koo likitetemeka, kama mtu anayesukutua koo kwa maji kidogo. Ukiziba unarudi kwenye g. Ukipanua sana unapata h, na ghali inakuwa hali. Usianze na ghalani, anza na gh iliyo katikati ya irabu: lugha, shughuli, bughudha. Hapo irabu zinaisaidia sauti isikatike. Ukishaizoea ndipo uipeleke mwanzo wa neno.

R na l zina kipimo rahisi. L unaweza kuishikilia, llll, hewa inapita pembeni mwa ulimi. R ya Kiswahili ni pigo moja la ncha ya ulimi kwenye ufizi wa juu; haishikiki, inapigwa na kuachwa. Kama r yako inashikika, bado ni l.

Lakini mwanangu, jambo litakalokuokoa kuliko hayo yote ni kuacha kujifunza neno moja moja. Maneno haya yana koo zake, na ukoo hauchanganyi herufi. Zuru ni wa ukoo wa ziara, na hakuna aliyewahi kukosea akasema "dhiara". Dhuru yuko na madhara na dharura. Kwa hiyo karatasi ikikuletea "amewazuru", jiulize: amefanya ziara au ameleta madhara? Sekunde moja, na herufi imejipanga yenyewe. Azimia anakaa na azimio na azma. Adhimisha anakaa na adhimu, yaani tukufu, ndiyo maana Julai 7 tuna maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani. Mkutano unaofanyika siku hiyo ndio unaotoa maazimio. Thamani yuko na thamini, lakini samani, yaani meza na makabati, ana ukoo wake. Na stakabadhi inayokutesa ni mjukuu wa kabidhi: umekabidhi korosho zako, unapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba zimepokewa. Ukishaliona hilo, dh huisahau tena, na maana umeipata bure.

Kwa maana, jifunze kulivua neno nguo kabla ya kulitafuta. Watu wengi hufungua kamusi wakitafuta "nyaraka", hawakuti, wanadhani kamusi ni mbovu. Nomino zimepangwa kwa umoja, kwa hiyo ni waraka, kwenye w. Vivyo hivyo nyuso ni uso, ndimi ni ulimi, kuta ni ukuta. Kitenzi kivue mbele na nyuma: zi-li-zo-ghushi-wa, ondoa zi, li na zo, ondoa wa ya kutendwa, unabaki na ghushi. Hapo utakuta kwamba kughushi ni kutengeneza kitu cha uongo, au kukibadilisha cha kweli, ili kipite kama halisi. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, inatosha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, nayo itakufaa, ila kama mmerithi toleo la kwanza la 1981, maneno mengi ya siku hizi hutayakuta. Usisome fasili peke yake. Mfano wa sentensi ndio unaokuonyesha neno linakaa na nani.

Na usikisie kwa mlio. "Ukata" hauhusiani na kisu, ni kukosa fedha. Timu inayokabiliwa na ukata imeishiwa nauli. "Kadamnasi" ni mbele za watu. Hadhara, hadhira na hadhari zinafanana kama pacha, lakini ya kwanza ni mkusanyiko wa watu au mahali pa wazi, ya pili ni wanaokusikiliza, ya tatu ni uangalifu.

Kisha mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ila yapo machache yanayokiuka. Barabara ya kwenda Masasi imekazwa kwenye "ba" ya pili, ba-ra-BA-ra. Kazi iliyofanywa barabara imekazwa kwenye "ra" ya kwanza, ba-RA-ba-ra. Na pale m inaposimama peke yake ihesabu. Mbuni wa mitindo ni m-bu-ni, silabi tatu. Mbuni yule ndege ni mbu-ni, mbili.

Ukipewa karatasi, omba uipate nusu saa kabla. Isome mara moja kimya ukipigia mstari herufi zinazokusumbua tu, si neno zima. Mara ya pili kwa sauti, weka mkwaju (/) pa kuvuta pumzi, gawa silabi za neno geni juu yake kwa penseli. Mara ya tatu soma kwa kasi ya hewani. Maneno mapya matano kwa siku yanatosha: daftari lenye neno, silabi zake, maana, ndugu zake, na sentensi uliyotunga wewe. Yarudie siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya 21. Jirekodi kwa simu, ila usisikilize siku hiyo hiyo, kwa sababu utasikia ulichokusudia. Sikiliza kesho yake.

Huyo Bi wa Kilwa, umeshawahi kumuuliza jambo pembeni? Wapo wanaosahihisha hadharani kwa sababu hakuna anayewafuata faraghani, na elimu yao inatafuta pa kutokea. Ukimwendea nyumbani na orodha ya maneno matano, "Bi, hili mnalitamkaje?", huenda ukamkuta mtu mwingine. Huenda pia akakutangaza kituo kizima, hatari hiyo ipo, na wewe ndiye unayemjua. Unaweza kumjaribu kwa maneno mawili usiyoyaonea aibu, uone yanafika wapi. Ila ajue unamuuliza Kiswahili cha taarifa ya habari. Pwani ya Kilwa ina lahaja yake na utenzi una maneno yake, na mengine ukiyapeleka kwenye bei za mnada yatakaa kama kilemba juu ya kofia.

Sasa huyo kaka mhariri.

Umeandika kama mtu aliyebadilisha neno kwa kuwa ulimi haukuweza. Nisome tena pamoja nawe. Kubadilisha neno si dhambi. Wasomaji habari wanaomba neno jepesi kila siku. Wanamwomba aliyeandika, kwa sababu ndiye anayeijua habari. "Kaka, dhoruba nikisema upepo mkali itakuwa sawa?" Angekwambia hapana, maana mvuvi wa Mikindani hajiandai kwa upepo kama anavyojiandaa kwa dhoruba. Wewe ulibadilisha peke yako na kimyakimya. Je, ulichokuwa unakificha ni sauti ya gh, au ni kuonekana hujui? Sina jibu, ni swali tu.

Na kuna mtu barua yako imempitia kwa sentensi moja. Yule mtuhumiwa. Kughushi na kuiba ni makosa tofauti katika Kanuni ya Adhabu, na Mtwara mjini watu wanafahamiana. Aliitwa mwizi redioni na hajashtakiwa kwa wizi. Je, kituo kilisahihisha? Hukusema.

Ukinyamaza, huenda isijulikane kamwe. Lakini onyo la maandishi hukaa kwenye faili, na kosa dogo lijalo linaweza kuhesabiwa la pili. Tena kaka huyo ameshaanza kujitilia shaka mwenyewe, jambo ambalo ni zito kuliko barua. Halafu kuna watu huwa wanakurekodi, hilo unalijua. Sauti yako ikisema "kuiba" ipo mahali, na siku akikumbuka alichoandika ndicho kitakachowekwa mezani.

Ukimwambia yeye kwanza, wawili tu, unampa nafasi ya kuchagua. Anaweza kukasirika na kwenda moja kwa moja kwa mkuu wenu. Anaweza pia kukuhurumia akasema yaishe, ukabaki na deni ambalo mdai wako amelisamehe na faili halijalisamehe. Ukienda kwa mkuu, barua yake inaweza kufutwa na taarifa ikasahihishwa hewani, lakini huenda ikaandikwa nyingine yenye jina lako, na sitakudanganya kwamba huwezi kuondolewa kwenye habari. Kuna na njia ya kwenda wote wawili kwa mkuu baada ya kuzungumza. Inachukua siku kadhaa zaidi na inategemea moyo wa kaka huyo.

Kuhusu kipindi cha salamu, ni kazi ya heshima, wala si aibu kuipenda. Ila jiulize unakwenda kwa kuipenda au kwa kukimbia, kwa sababu majina ya wasikilizaji nayo yana gh na dh, kina Ghalib na Ridhiwani wanasalimiana kila siku. Na kama utaomba kuhama kabla hujasema lolote, ukweli ukija kutoka baadaye watu wataunganisha.

Ukiamua kuzungumza naye, chagua siku ambayo hana zamu, na usianze na kulia. Mwambie ulichokiona kwenye karatasi na ulichokisoma, maneno mawili hayo, kwa mpangilio huo. Jifanyie mazoezi usiku wake, maana neno utakalolihitaji ni lile lile: ghu-shi. Nyuma ya ulimi, bila kuziba.

Shangazi